Begi halijafika, treni imefutwa, mpo Berlin: wapeleke watu wako zuu, na fanyeni hivi

Nawaandikia mnaosafiri Ulaya na familia, hasa mkiwa na mzazi. Sisi tulitoka Dar watatu, mi, mama na mdogo wangu wa kike, ndege ya kwanza ikachelewa, ya kuunganisha ikatuacha, tukalala kwenye viti vya uwanja, tukafika Berlin siku moja nyuma bila begi hata moja, na kule tunakuta treni yetu ya kwenda Munich kwa dada imefutwa sababu ya mgomo. Mama miguu imevimba, mdogo wangu analia, mi nipo na simu tu napiga huku napiga kule na kila saa namwambia mama subiri kidogo. Siku iliyotuokoa ni ile tuliyoenda zuu, na naomba niwaelekeze vizuri maana ukienda vibaya utatoka umechoka zaidi.

Kwanza malizeni ya lazima kabla hamjatoka uwanjani. Begi lisipotokea nenda kaunta ya mizigo iliyopotea pale pale ndani kabla hujapita mlango, wakujazie fomu yenye namba, wenyewe wanaiita PIR, ipige picha pamoja na ile stika ya begi waliyokubandikia kwenye tiketi. Mswaki, chupi, dawa, soksi, chochote cha lazima utakachonunua, risiti tunza. Na kama umekwama kwenye uwanja wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya kuna sheria yao, namba 261 ya mwaka 2004, shirika la ndege linatakiwa likupe chakula wakati unasubiri, na kama ni mpaka kesho basi hoteli na usafiri wa kukufikisha, hata kama tatizo ni hali ya hewa. Omba jamani. Sisi tuliona aibu kuomba, tukamlaza mama wa miaka 66 kwenye kiti cha chuma, mpaka leo inaniuma.

Jambo jingine, ikiwa Jumapili maduka ya Ujerumani karibu yote yanafungwa, nguo na vyakula tafuta kwenye maduka ya ndani ya stesheni kubwa.

Baada ya hapo simu iende mfukoni. Mi nilikuwa naangalia begi liko wapi kila dakika tano na kila nikiangalia roho inapanda upya, mwisho mdogo wangu akasema tunaangalia saa sita na saa kumi, basi. Tukakubaliana hivyo. Hili dogo lakini ndilo lililofanya kazi kuliko yote.

Kwa nini zuu na sio makumbusho? Mtu asiyelala usiku hawezi kusimama masaa mbele ya picha na maandishi, akili haipo. Zuu kuna mabenchi, vyoo, chakula, miti, watoto wanapiga kelele kwa hiyo hata wa kwenu akilia hakuna anayegeuka, na mnyama hahitaji ujue Kijerumani.

Kufika ni rahisi. Toka uwanja wa ndege wa Berlin, BER, panda treni ya S9, inakushusha stesheni ya Zoologischer Garten bila kubadili treni, karibu saa moja hivi. Tiketi chukua ya ABC, yaani ya kanda zote tatu za usafiri wa mji, kwa sababu uwanja upo kwenye ukanda C, na ile ya karatasi igongeshe muhuri kwenye kile kisanduku cha pembeni ya reli kabla hujapanda, ukikamatwa haijagongwa faini ni yuro 60 na kujitetea kwamba ni mgeni hakusaidii. Pale stesheni kuna makabati ya kufungia mizigo ya mkononi, iachieni humo. Ukivuka uwanja wa nje unaona geti lenye sanamu za simba, ndo hapo. Inafunguliwa saa tatu asubuhi, na majira ya baridi inafungwa mapema, kwa hiyo msianze saa tisa.

Sasa kosa la watu wengi ni kutaka kumaliza zuu yote. Ile ni ya tangu 1844, ni kubwa, msiikimbize. Chagueni wanyama watatu, na kila mnyama mkae. Mvua ikinyesha ingieni akwariamu, ipo jirani hapo hapo, ila tiketi yake muulizie mlipokata ya zuu.

Sisi tulianza na viboko. Mama kakulia Ifakara, kiboko anamjua kama pua na masikio juu ya maji ya Kilombero, na nyayo asubuhi kwenye mpunga wa watu. Kule wana kioo kinaonyesha chini ya maji. Kiboko akaja anatembea chini kule, ananyanyua mguu taratibu kama anacheza, mapovu yanapanda puani, akapita mbele ya kioo karibu mkono umguse, na mama akasema kwa sauti kabisa, "Kumbe miguu yenyewe mifupi hivi!" Akacheka. Siku ya pili hiyo hajacheka. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha 1945 kwenye zuu ile walibaki wanyama 91 tu kati ya maelfu, na mmoja wao ni kiboko dume aitwaye Knautschke, nilipomsimulia mama akanyamaza muda mrefu anaangalia maji.

Wa pili Fatou, gorila bibi. Alifika Berlin 1959 akiwa mtoto wa kama miaka miwili, na 2025 walimfanyia sherehe ya miaka 68. Meno yameisha, kusikia hasikii vizuri, anakaa peke yake kwa utulivu wake. Mama alikaa kwenye benchi mbele yake viatu kavua, wazee wawili wanapumzika, mi sikumharakisha.

Wa tatu tulipanga kumwona mnyama panda, hatukufika. Tulikula viazi vya kukaanga, mdogo wangu akasinzia begani kwangu. Chupa za maji msitupe, nyingi ulizilipia senti 25 za amana, unarudisha chupa supamaketi kwenye mashine unarudishiwa.

Saa kumi tukafungua simu. Begi limeonekana, litaletwa hotelini. Likifika bado hujamaliza: madai ya kucheleweshewa yaandike kwa shirika la ndege ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na kama limevunjika ni siku 7 tu, kwa hiyo kagua zipu na magurudumu kabla aliyelileta hajaondoka.