Mkanda wa bunduki: kuufunga na kuutumia kutuliza shabaha

Wengi hununua mkanda kwa ajili ya kuning'iniza bunduki begani tu, na hapo wanakosa nusu ya faida yake. Ukivutwa sawasawa wakati wa kulenga, mkanda hubeba uzito ambao mkono ungebeba. Msuli unaobeba mzigo hutetemeka, mkanda hautetemeki.

Kwanza toa magazini, fungua chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), ichungulie kisha uipapase kwa kidole. Marekebisho yote yafanywe bunduki ikiwa tupu, mtutu ukielekea upande salama.

Upana wa inchi 1 unatosha kwa bunduki nyepesi ya kuwindia, lakini wa inchi 1.25 (milimita 32) hauumi mkono unapokazwa. Pete za bunduki zinazoshika ncha za mkanda ziwe za upana huohuo, la sivyo mkanda hujikunja kingo. Nailoni haiozi, ila iliyo laini mno huteleza kwenye bizimu. Ngozi hushika vizuri lakini hurefuka ikilowa. Mkanda unaovutika kama mpira ni wa kubebea tu. Pete ya mbele ifungwe kwenye mti wa bunduki (mwili wa mbao au plastiki unaobeba mtutu), kamwe isiwe kwenye mtutu, kwa sababu kila ukivuta utahamisha mahali risasi inapotua.

Maelezo haya ni ya anayefyatua kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Njia ya haraka hutumia mkanda ukiwa umefungwa pete zote mbili. Pitisha mkono wa kushoto kati ya mkanda na bunduki, upandishe mkanda hadi juu ya mkono karibu na kwapa, kisha zungusha kiganja kwa nje, kipite juu ya mkanda na kurudi chini ya mti wa bunduki. Mkanda ulale bapa nyuma ya kiganja. Inafaa ukiwa umesimama au ukiwa na sekunde chache tu.

Njia ya kitanzi ndiyo thabiti zaidi, hasa ukilala kifudifudi, ukikaa au ukipiga goti. Legeza upande wa nyuma, fanya kitanzi kwa upande wa mbele, kizungushe nusu ili mkanda usijisokote, ingiza mkono na ukibane juu kabisa, karibu na kwapa. Kikiteremka hadi katikati ya msuli wa juu ya kiwiko hukaa juu ya mshipa mkubwa wa damu, na utaona alama ya kulengea ikirukaruka kufuata mapigo ya moyo. Hapo usijilaumu kwa kufyatua vibaya, pandisha kitanzi. Kiganja nacho kisukumwe mbele hadi kikaribie pete.

Urefu wa mkanda hupimwa kwa kitako cha bunduki. Ukiwa umeshalala na kitanzi kimekaza, mkono wa kulia unapaswa kukisukuma kitako ndipo kiingie begani. Kikiingia chenyewe, mkanda ni mrefu. Ukilazimika kupinda mwili ili kiingie, ni mfupi mno. Weka alama kwa wino: kwa kukaa, mara nyingi mkanda hufupishwa kidogo kuliko kwa kulala. Kisha fumba macho, pumua mara mbili, fumbua. Bunduki ikiwa imeelekea kando ya shabaha, sogeza kiuno au kiwiko. Usiivute kwa mikono, maana itarudi kulekule risasi inapotoka.

Kiganja kikifa ganzi, legeza kitanzi baada ya kila msururu wa risasi.

Risasi zikianza kutua chini na kushoto mara tu unapotumia mkanda, kagua mti wa bunduki. Pitisha karatasi kati yake na mtutu huku mwenzako akiuvuta mkanda kwa nguvu ileile ya kulengea. Karatasi ikikwama, mti unapinda na kugusa mtutu: punguza mvuto, au fundi aongeze nafasi hiyo. Risasi za kurekebisha darubini nazo zipigwe mkanda ukiwa umekazwa kama utakavyoutumia.