Namna ya Kuandika Siku Ambayo Huna Hamu ya Kuandika

Mwezi Agosti mwaka jana binti wa kaka yangu, anayesoma shahada ya uzamili ya Kiswahili hapa Dodoma, alifika kwangu Jumamosi asubuhi akiwa na kompyuta mpakato, mfuko uliojaa nakala za makala, na uso wa mtu aliyetoka msibani. "Shangazi," alisema kabla hata ya kukaa, "sura ya pili imenishinda. Hii ni wiki ya sita sijaandika hata aya moja. Sina hamu nayo kabisa." Nilimwuliza katika wiki hizo sita amekaa mezani mara ngapi, akajibu kwamba amekaa karibu kila siku. Mtu anayekaa mezani kila siku kwa wiki sita si mvivu, wala hahitaji kukumbushwa malengo yake ya maisha, na ndiyo maana niliona nimwonyeshe njia ninayoitumia mwenyewe, ambayo sasa ninaiandika kwa ajili ya wengine waliokwama kama yeye.

Kazi yangu ni ya ofisini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuandika: taarifa za robo mwaka, maandiko ya miradi, na rasimu za majibu ya maswali ya wabunge. Katika Bunge la Bajeti, linaloanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, hakuna anayemwuliza mtumishi kama ana hamu. Jibu linatakiwa kesho asubuhi, na linapatikana. Hata hivyo, mtumishi huyohuyo alipokuwa akiandika tasnifu yake mwenyewe usiku, alikwama miezi mitatu. Tofauti ya kazi hizo mbili ilinichukua muda kuitambua: jibu la Bunge huja likiwa na swali lake, ilhali sura ya tasnifu huja ikiwa na kichwa cha habari tu. Kwa uzoefu wangu, kile tunachokiita kukosa hamu mara nyingi ni kutojua sentensi inayofuata inatakiwa ifanye kazi gani.

Hatua ya kwanza: panga saa

Chagua saa moja ya siku na uishike. Mimi hutumia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya kuwahi daladala la Mtumba, isipokuwa siku ya zamu ya maji mtaani kwetu, kwa sababu siku hiyo hakuna anayeandika huku ndoo zikimsubiri.

Wapo watakaosema kwamba kuandika kwa kujilazimisha huzaa maandishi yaliyokufa. Robert Boice, mwanasaikolojia wa Marekani, alilipima jambo hilo kwa walimu 27 wa vyuo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1983. Kundi moja liliambiwa lisiandike isipokuwa kwa dharura, la pili liandike linapojisikia, na la tatu liandike kwa ratiba, na ambaye hakutimiza ratiba hiyo alipaswa kutoa fedha zake kwa taasisi asiyoipenda. Waliolazimishwa waliandika wastani wa kurasa 3.2 kwa siku, waliongoja kujisikia waliandika 0.9, na waliokatazwa 0.2. Lililonishangaza zaidi ni kwamba waliolazimishwa ndio waliopata mawazo mapya mara nyingi zaidi, karibu kila siku, huku waliongoja kujisikia wakiyapata kila baada ya siku mbili hivi.

Hatua ya pili: usijiunge bando kabla ya kuandika

Sina maelezo marefu hapa. Bando lililonunuliwa alfajiri litatumika alfajiri. Simu iwekwe katika hali ya ndege, kwa kuwa utaihitaji kama kinasa sauti, na kompyuta ibaki imefungwa hadi utakapofika kuchapa, mwishoni mwa hatua ya tano.

Hatua ya tatu: geuza kichwa cha habari kiwe swali

"Mapitio ya maandiko" si kazi inayoweza kufanywa asubuhi moja, kwa sababu haisemi unachotakiwa kukifanya. Andika swali moja ambalo mtu wa kawaida angeweza kukuuliza na wewe ukamjibu kwa dakika chache. Tasnifu ya binti yetu inahusu majina ya mahali katika Ugogo, na tulipokaa naye tuliandika maswali tisa, la kwanza likiwa hili: kwa nini jina moja la mahali huwa na masimulizi mawili ya asili yake, na watafiti hulifanyia nini jambo hilo? Swali likianza kwa "je" na kuweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana, lifute. Swali lenye "jadili" pia lifute. Hilo ni la mtihani.

Hatua ya nne: lijibu swali kwa mdomo, mbele ya mtu, huku ukirekodi

Hapa nitachukua nafasi kubwa, kwa sababu hatua hii ndiyo iliyonigharimu.

Tasnifu yangu ilihusu soko la zabibu za Hombolo, hapahapa Dodoma. Jumamosi moja nilikaa mezani tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, nikaandika sentensi moja na kuifuta mara nyingi kiasi kwamba karatasi ilitoboka. Jioni hiyo jirani yangu alikuja kuazima toroli la kubebea maji, akaona karatasi zimetapakaa, akauliza ninaandika kitu gani. Nikamweleza, nikiwa nimesimama mlangoni, kwamba mkulima wa zabibu huku kwetu huvuna mara mbili kwa mwaka, kwamba zabibu za shamba zima huiva kwa pamoja na hazivumilii kukaa, na kwamba asiye na pa kuzihifadhi kwa ubaridi hana budi kumkubalia bei mnunuzi aliyefika na gari shambani siku hiyo. Akaniuliza, "Kwa nini wasikaushe?" Nikamjibu hilo nalo. Aliposukuma toroli lake na kuondoka nilitambua kwamba nimetamka sehemu nzima ya sura yangu, tena kwa mpangilio: hali ilivyo, sababu yake, pingamizi, na jibu la pingamizi. Nilikimbilia mezani kuiandika, na nusu yake ilikuwa imeshapotea. Tangu siku hiyo simu yangu hurekodi.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi: msomee msikilizaji wako swali, washa kinasa sauti, jibu. Makosa yanayowezekana ndiyo mengi, na nimeyafanya karibu yote.

Msikilizaji awe mtu asiyelijua somo lako lakini asiyeona haya kuuliza. Msimamizi hafai, kwa kuwa mbele yake utajitetea badala ya kueleza. Mwanafunzi mwenzako pia hafai, kwa kuwa mtarushiana istilahi na kila mmoja atadhani mwenzake ameelewa. Kwa binti yetu nilikosea mimi mwenyewe. Nilimketisha mbele ya Mama, bibi yake, nikifikiri kwamba mzee ni msikilizaji mzuri. Akaanza kueleza kwamba jina la Dodoma linatokana na neno la Kigogo "idodomya", yaani imezama. Kwamba wengine husimulia juu ya tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia katika tope, na wengine juu ya Wagogo walioiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala, kisha wakaisimika mikia yao katika tope ili wenye mali wakija waambiwe kwamba ng'ombe wamezama. Hapo Mama alimkatiza, akasema hadithi ya tembo ameielezea vibaya, akaanza kuisimulia upya, na katika dakika kumi zilizorekodiwa Mama alizungumza dakika saba. Kwa utafiti wa uwandani rekodi ile ilikuwa dhahabu. Kwa sura ya pili haikufaa kitu. Baadaye tulimwita kijana wa jirani anayesoma kidato cha pili, ambaye hakujali hadithi ipi ni sahihi, lakini aliuliza swali ambalo Mama asingeliuliza: "Sasa kama zote mbili zinasema kitu kilizama, dada, tofauti yake inakusaidia nini?" Jibu la swali hilo ndilo lililokuja kuwa aya ya kwanza ya sura. Tembo huzama kwa bahati mbaya, ilhali ng'ombe walizamishwa na maneno ya watu, na kwa hiyo simulizi la pili linaeleza uhusiano wa jamii mbili jirani wakati la kwanza linaeleza ardhi yenyewe.

Rekodi ukiwa ndani, dirisha likiwa limefungwa. Anayeishi Dodoma anaujua upepo wa kiangazi, na rekodi yetu ya kwanza kabisa, tuliyoifanya chini ya mwarobaini uani, ilikuwa na mvumo na mabati tu.

Usishike karatasi. Ukiwa nazo mkononi utazisoma, na sauti ya mtu anayesoma haina maswali ndani yake. Ziache chumba kingine hata kama unaogopa kusahau tarehe au jina la mtafiti. Mahali unaposahau sema "fulani" na uendelee, kwa kuwa fulani huyo atatafutwa baadaye kwa dakika mbili.

Usivuke dakika kumi. Nilishawahi kurekodi dakika hamsini kwa furaha kubwa, kisha nikatumia jioni mbili kuandika dakika kumi na tano za mwanzo, nikakata tamaa na kuacha zilizobaki. Dakika kumi zangu hujaza kurasa tano au sita za kaunta buku, na hizo zinatosha.

Usieleze jambo lilelile mara mbili kwa siku moja. Mara ya kwanza utatoa mifano. Mara ya pili utafupisha kana kwamba msikilizaji mpya alikuwapo mwanzoni, na mara ya tatu utakuwa umeshalichoka hata kulifikiria. Kwa sababu hiyohiyo simshauri mtu amsimulie kila rafiki anachokusudia kuandika.

Mwisho, sema kwa lugha inayokuja mdomoni. Binti yetu alichanganya Kiswahili na Kigogo na maneno machache ya darasani, akataka kusimama ajisahihishe, nikamkataza kwa mkono. Usanifu wa lugha una siku yake, na si siku hii.

Hatua ya tano: iandike rekodi kwa mkono

Sikiliza sentensi, simamisha, andika, endelea. Ninajua kwamba zipo programu za kubadili sauti kuwa maandishi, nami sizitaki katika hatua hii, si kwa sababu ya makosa yake tu, bali kwa sababu mkono unapochelewa nyuma ya sauti, akili hupata nafasi ya kuona kwamba sentensi hii ilipaswa kutanguliwa na ile. Tumia kaunta buku na kalamu ya wino, uandike ukurasa wa kulia tu, na wa kushoto uuache kwa masahihisho. Kompyuta hufuta kwa urahisi mno. Mtu asiye na hamu, akipewa kitufe cha kufutia, atakitumia asubuhi nzima na kuamini kwamba amefanya kazi.

Wengi hutumia hapa saa ya kuhesabu dakika 25 na kupumzika 5, utaratibu uliobuniwa na Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Kwa kunakili rekodi unafaa, kwa kuwa kazi hiyo inachosha mkono. Kwa kutunga siupendi: kengele yake ina tabia ya kulia pale hasa ambapo sentensi imeanza kupatikana, na mtu aliyetafuta sentensi kwa wiki sita hapaswi kuambiwa aende kupumzika.

Ukimaliza kunakili, chapa kwenye kompyuta huku ukirekebisha, weka marejeo, na umtafute yule "fulani".

Hatua ya sita: acha kabla hujamaliza

Saa yako ikiisha, simama katikati ya aya ambayo unajua itaishia wapi, na pembeni yake uandike swali la kesho. Ukimaliza sehemu yote leo, kesho utaamka mbele ya ukurasa mtupu, na ukurasa mtupu alfajiri ni mzito.

Ukikosa siku moja, usiifidie kwa kuandika saa mbili siku inayofuata. Endelea na saa yako ileile. Ukikosa wiki nzima, usianze kwa kusoma upya yote uliyoyaandika, kwa kuwa utaanza kuyasahihisha na hutafika mbele. Rudi katika hatua ya tatu, chukua swali linalofuata katika orodha, mtafute msikilizaji.

Binti yetu aliyajibu maswali yake tisa kwa siku kumi na nne, akampelekea msimamizi wake kurasa ishirini na tatu. Zilirudi baada ya wiki tatu zikiwa na maoni kila ukurasa. Jioni hiyo alinipigia simu. "Shangazi, maoni ni mengi, sijui nianze na lipi, na hamu yenyewe imekwisha tena." Nilimwambia achague oni moja, aligeuze liwe swali, kisha akamwite yule kijana wa kidato cha pili na afunge dirisha.