Jinsi ya Kuomba Haki ya Kura Bungeni: Njia Waliyopita Wanawake wa New Zealand, 1893

Tuseme ni mwaka 1893, nawe ni mwanamke wa koloni la New Zealand, umetimiza miaka 21 na hujawahi kupiga kura ya Bunge. Uchaguzi ni mwishoni mwa mwaka. Sheria isipopita kabla ya hapo, utasubiri miaka mitatu mingine. Fanya hivi.

Kwanza, andika ombi lenyewe, kwa Spika na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi kule Wellington. Liwe fupi. Sema kwamba wanawake wameshaomba miaka kadhaa. Kwamba mwaka jana mabaraza yote mawili ya Bunge yalikubali kimsingi, muswada ukakwama kwa sababu nyingine (walivutana kuhusu kura za posta). Na kwamba kuchelewa tena ni kunyimwa haki kwa muhula mzima. Maneno hayo yawekwe juu ya kila karatasi, ili anayesaini ajue anasaini nini.

Kisha tafuta saini, na hapa ndipo penye kazi. Pitia Chama cha Wanawake Wakristo cha Kupinga Ulevi, ambacho kampeni yake ya kura inaongozwa na Kate Sheppard wa Christchurch. Chukua karatasi, piga hodi nyumba kwa nyumba, kila mama aandike jina na anwani yake, halafu zirudishe Christchurch. Sheppard huziunganisha kwa gundi, moja chini ya nyingine, zaidi ya karatasi 500, akaziviringisha kwenye kipande cha mpini wa ufagio. Mwaka 1891 saini zilipita 9,000. 1892 zikakaribia 20,000. Safari hii, ukijumlisha maombi yote, zinakaribia 32,000.

Usilipe mtu kwa idadi ya saini. Henry Fish, mbunge wa Dunedin aliyepinga kura ya wanawake, aliwalipa watu wazunguke na ombi la kupinga hadi kwenye vilabu vya pombe. Saini za uongo zilipobainika, ombi likapoteza uzito wote. Saini moja ya kweli ya mke wa mkulima ina nguvu kuliko kurasa kumi za namna hiyo.

Huwezi kuliwasilisha mwenyewe. Lazima mbunge alibebe, basi chagua anayeheshimika na anayeamini jambo lenyewe. Sir John Hall, aliyewahi kuwa waziri mkuu, ndiye anayefaa: alilikunjua sakafuni katikati ya ukumbi mpaka mwisho wake ukagonga ukuta wa upande wa pili. Hakuna hotuba ambayo ingewaonyesha wabunge idadi ile namna hiyo.

Ombi peke yake halibadili sheria. Linahitaji muswada, nao husomwa mara tatu na kupitiwa kifungu kwa kifungu katika kamati. Ukishapita kwa Wawakilishi unapelekwa Baraza la Kutunga Sheria, ambalo wajumbe wake huteuliwa, hawachaguliwi. Hapo ndipo pa kuwa macho, kwa kuwa hawaogopi wapiga kura. Zungumza nao mmoja mmoja. Waziri Mkuu Seddon alimshawishi mjumbe wa upande wake abadili kura ili muswada uanguke. Wajumbe wawili wa upinzani walichukizwa na hila hiyo, nao wakageuka na kuuunga mkono. Tarehe 8 Septemba ulipita kwa kura 20 dhidi ya 18.

Bado Gavana, mwakilishi wa Malkia wa Uingereza. Anaweza kuridhia, kukataa, au kuuweka kando usubiri uamuzi wa Malkia. Hata akiridhia, Uingereza ina miaka miwili ya kuifuta sheria. Wapinzani walimwandikia Gavana Lord Glasgow wakimsihi asisaini, kwa hiyo wenzako nao waendelee kumwandikia. Alisaini tarehe 19 Septemba 1893, na sheria ikawahusu pia wanawake wa Kimaori, wenyeji asilia wa New Zealand.

Ukisikia habari hiyo, nenda kajiandikishe upesi. Jina lisipokuwa kwenye daftari, sheria haikusaidii. Zaidi ya wanawake 109,000 walijiandikisha, na zaidi ya 90,000 wakapiga kura katika uchaguzi wa mwishoni mwa Novemba. Ila kugombea ubunge hakumo katika sheria hii: hilo liliruhusiwa mwaka 1919.