Mtaa mzima unajua, faili la chuo halijui: kwa mwenye mdogo wake chuoni Mbeya au Iringa

Mdogo wangu alinipigia akiwa stendi ya Makambako. Ilikuwa Julai, saa saba mchana kwao. Mimi huku Reading, Uingereza, nilikuwa katikati ya zamu kwenye nyumba ya wazee, simu nimeificha mfukoni mwa aproni. Baba mdogo amefariki, na yeye anasubiri gari la Njombe ili aunganishe kwenda Makete. "UE inaanza kesho kutwa, kaka. Wenzangu darasani nimeshawaambia." UE ndiyo mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula. Nikamwambia aende akazike, ya chuo tutayaona.

Hiyo "tutayaona" ilitugharimu mwaka mzima. Alikaa msibani hadi tanga likaanuliwa, akarudi Mbeya siku ya tisa na kukuta karatasi tatu zimempita. Darasa lilijua. Mwenye nyumba wake kule Ikuti alijua, hata mama ntilie anayemkopesha wali alikuwa amempa pole. Kwenye matokeo akaandikwa kuwa hakutokea bila sababu, na kwa kanuni za chuo kile hilo halina tofauti kubwa na kutoroka mtihani. Wakati ule niliwalaumu sana. Siku hizi najilaumu mwenyewe, kwa sababu naishi kwenye nchi ambako hata kuugua mafua kuna fomu yake, halafu nikamshauri mdogo wangu kana kwamba chuo ni kijiji.

Basi haya ya kuomba ruhusa na nafuu za mitihani nayaandika kwa aliye Toronto, Doha au Leicester, anayelipa ada ya mtoto aliyeko Mkwawa, Ruaha, MUST, TEKU au Mzumbe ya Mbeya, na ambaye ndiye hupigiwa simu ya kwanza mambo yakiharibika.

Speshali siyo sapu

Ukipigiwa simu ya namna hiyo, kwanza ujue mtoto anaomba nini, maana wengi wetu tuliosoma zamani au hatukusoma chuo tunavichanganya. Sapu ni ya aliyefanya mtihani akafeli. Akifaulu, vyuo vingi humwandikia C hata kama amejibu kama profesa. Mtihani maalumu, wenyewe wanauita speshali, ni wa aliyeshindwa kuufanya kwa sababu iliyokubaliwa, na alama zake huhesabiwa kama za mara ya kwanza: akipata A ni A. Halafu kuna kuahirisha masomo, muhula au mwaka, pale ambapo hali yenyewe haitapona kwa wiki mbili.

Ndiyo maana ushauri wa "jikaze tu, ingia, ukifeli utasapu" unamwumiza mtoto. Aliyelazwa juzi na dripu, akiingia chumbani akasaini karatasi ya mahudhurio, ni vigumu baadaye kudai kwamba hakuwa na uwezo wa kufanya. Ameshafanya.

Test za katikati ya muhula zina nafuu zaidi. Vyuo vyetu vingi hugawa alama 40 za koziweki na 60 za UE, na test moja iliyokosekana kwa kawaida humalizwa na mwalimu wa somo na idara. Hata hivyo iandikwe. Mwalimu aliyekubali kwa mdomo Machi anaweza kuwa masomoni nje ya nchi ifikapo Julai.

Kila chuo kina seneti yake na kanuni zake za mitihani, kwa hiyo usibishane na mtoto kwa kanuni za rafiki yako aliyesoma kwingine. Mwambie akutumie hicho kijitabu cha kanuni kwa WhatsApp leo, wakati hakuna tatizo. Tafuta kurasa zinazozungumzia kuahirisha mtihani. Angalia barua inakwenda kwa nani, kwa siku ngapi, na cheti cha daktari kinatakiwa kitoke wapi.

Ulemavu usisubiri wiki ya mtihani

Hapa ndipo naona familia zinachelewa zaidi, na mara nyingi ni kwa aibu. Mtoto mwenye uoni hafifu anafichwa kuwa "anavaa miwani tu". Mwenye usikivu mdogo anakaa nyuma anaitikia kwa kichwa.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, ipo, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Mtoto haombi fadhila. Ila sheria haitembei yenyewe kutoka Dodoma hadi chumba cha mtihani Iyunga. Anatakiwa ajiandikishe kwenye Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi na idarani wiki za mwanzo wa mwaka, na aseme anachohitaji kwa maneno yanayotekelezeka: karatasi ya maandishi makubwa, muda wa ziada, mwandishi wa kumwandikia, mkalimani wa lugha ya alama, chumba cha chini kwa anayetumia kiti cha magurudumu. Hilo la mwisho halihitaji maelezo kwa aliyewahi kupanda vilima vya Mbeya msimu wa matope.

Usianze upya kutafuta ushahidi. Kama alifanya kidato cha sita akiwa na mahitaji maalumu, Baraza la Mitihani lilimwongezea muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Chuo hakilazimiki kufuata hesabu hiyo hiyo, lakini barua ya shule ya zamani inayosema "huyu alipewa hivi" hufungua mlango haraka. Na kama aliomba mkopo kwa kigezo cha ulemavu, kuna fomu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Nakala yake iingie kwenye faili la chuo.

Niseme kidogo zaidi kuhusu selimundu, sikoseli, kwa sababu ndiyo ulemavu usioonekana ambao Nyanda za Juu zinauchokoza. Baridi ni kichocheo kinachojulikana cha maumivu yake. Mtoto amekulia Temeke au Mwanza, anapangiwa chuo Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Oktoba anafurahia hali ya hewa. Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, kule geto hakuna hita, maji ya kuoga ni ya barafu, na ndiyo UE ya muhula wa pili hiyo. Akiwa mzima anacheza mpira, hakuna anayemwamini kuwa mgonjwa. Maumivu yakianza saa nane usiku, asubuhi hawezi kushika kalamu.

Mtoto huyu anahitaji faili lililofunguliwa Novemba: nakala ya kadi yake ya kliniki, kurasa chache za daktari wa chuo, na barua ya kuomba akae mbali na dirisha, aruhusiwe maji na koti zito, na dakika anazotoka nje zirudishwe. Nawe ukitafuta zawadi ya kumtumia, achana na raba. Tuma nguo za ndani za joto zile tunazovaa huku Januari.

Zawadi nyingine nazo zina ujanja wake. Betri ndogo za vifaa vya usikivu ni nyepesi kusafirisha na Mbeya huzipati kila duka, ila mwambie asibandue kile kibandiko mpaka anazitumia, maana zikishapata hewa zinaanza kuisha. Programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA ni ya bure, kwa hiyo usiuziwe. Kabla ya kununua kompyuta kwa ajili ya mtihani, mtoto apate kwanza kibali cha maandishi kwamba ataruhusiwa kuingia nayo.

Siku yakiharibika

Kazi ya kwanza ni barua, hata ya nusu ukurasa, kabla ya kupanda gari. Jina, namba ya usajili, kozi, mitihani inayohusika na tarehe zake, kilichotokea, anachoomba. Iende kwa mkuu wa idara, nakala kwa Mshauri wa Wanafunzi. Kama ni usiku au Jumapili, aitume kwa barua pepe yake ya chuo, ile ambayo hawaifunguagi, na kiongozi wa darasa apeleke iliyochapwa asubuhi. Anayepeleka apige picha nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni kama haijaandikwa.

Uthibitisho unaweza kufuata, lakini usichelewe. Kwa ugonjwa, vyuo vingi hutaka cheti cha kituo cha afya cha chuo au kilichothibitishwa nacho. Aliyetibiwa Ikonda, Ilembula au Rufaa Mbeya achukue karatasi zote siku ya kuruhusiwa, azipeleke kwa daktari wa chuo akirudi. Risiti ya dawa pekee haitoshi.

Kwa msiba, kibali cha mazishi na barua ya mtendaji wa kijiji. Hapo kuna mtego uliotukamata sisi. Barua yetu ya mtendaji ilisema marehemu ni "baba mdogo". Nyumbani baba mdogo ni baba, na huyu ndiye aliyetulea tangu tukiwa tunakojoa kitandani. Lakini kamati hupima ukaribu: mzazi, mlezi, mwenzi, ndugu wa tumbo moja. Mtendaji anatakiwa aandike neno "mlezi", na jina lifanane na lile la mlezi kwenye fomu ya usajili. Kama fomu ya mtoto ina jina lako wewe uliye Leicester kwa sababu unalipa ada, fikirini tena.

Wewe usipige simu kwa mwalimu. Mwanafunzi ni mtu mzima, na sauti yenye lafudhi ya Ulaya inayodai majibu humletea shida yeye anayebaki pale. Na usitume "kitu kidogo" cha kulainisha. Hilo ni kosa la jinai, na pia linageuza haki yake kuwa deni. Kwa binti nasisitiza: maombi hupelekwa ofisini saa za kazi. Akiambiwa "njoo jioni tuzungumze" mahali fulani Soweto au Kihesa, asiende, awaambie TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, au Mshauri wa Wanafunzi. Rushwa ya ngono ni kosa kwa sheria ya mwaka 2007.

Pesa yako

Speshali nyingi hufanyika pamoja na sapu, kabla ya mwaka mpya wa masomo. Maana yake mtoto yuko likizo, hosteli inaweza kuwa imefungwa, bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, hakuna. Anahitaji nauli ya kurudi, geto la wiki mbili tatu na chakula. Nimeona waliokubaliwa speshali wakaikosa kwa kukosa hela ya basi, na hilo halina barua ya kulitetea. Wanaosomea ualimu wanaweza pia kugongana na mafunzo ya kufundisha mashuleni, kwa hiyo tarehe hizo azipeleke idarani mapema.

Akiahirisha mwaka, mkopo husimama. Akirudi, asidhani utaanza wenyewe: apite kwa ofisa mikopo wa chuo na barua ya kurejea mkononi. Na ada isiwe ndiyo dharura. Namba ya malipo ina tarehe ya kuisha, na pesa kutoka nje huchukua siku. Ukijua mwezi huu huwezi kumaliza, mtoto aombe mpango wa awamu kabla ya wiki ya mitihani, si akiwa mlangoni anarudishwa.

Kama mwanafunzi ni wewe, huku

Kwa ufupi. Uingereza ni Sheria ya Usawa ya 2010: chuo kinawajibika kukurekebishia mazingira hata kama wewe ni mgeni, ingawa ile ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wenye ulemavu kwa kawaida si yetu. Marekani ni sheria ya ulemavu ya 1990, na mwenye viza ya F-1 anaweza kupunguziwa masomo kwa ugonjwa hadi jumla ya miezi 12 kwa ngazi moja ya masomo, mradi ofisa wa wanafunzi wa kimataifa aidhinishe kabla hujaacha kozi. Popote ulipo, usisaini kuahirisha masomo kabla ya kuuliza viza yako itakuwaje. Na usione haya kumweleza mtu usiyemjua mambo ya ugonjwa wako. Kazi yake ni kuyasikia na kunyamaza.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya binamu yetu aliye Iringa. Mama yake alipata kiharusi Tukuyu, siku nne kabla ya UE. Alinipigia analia, nikamwuliza swali moja tu. Akasema ngoja. Dakika arobaini baadaye simu ikatikisika mfukoni mwa aproni: picha ya barua ya mkono, mwandiko unaoyumba, muhuri wa bluu umekaa upande, tarehe inasomeka. Chini yake ameandika, "Sasa napanda gari, kaka."