Kaa nayo kaunta kwanza: kununua simu ya rifabishi

Kioo kinachong'aa na boksi jipya havikuambii chochote. Mimi ni fundi simu Kariakoo, na simu nyingi za rifabishi (zilizotumika, zikakarabatiwa na kuuzwa tena) ninazoletewa zina tatizo ambalo mnunuzi angeliona palepale dukani kabla hajalipa.

Baya kuliko yote ni kununua simu ambayo bado ni ya mtu mwingine. iPhone hubaki imefungwa na akaunti ya iCloud ya mwenyewe wa zamani, Android na akaunti ya Google. Utaitumia vizuri tu, ila siku ukiifuta inakudai nywila ya mtu usiyemjua, na hapo sina la kukusaidia. Kwa hiyo muuzaji aifute kupitia Settings mbele yako, iwake upya, uiunge intaneti, uweke laini na akaunti yako mwenyewe. Akisema "tumeshafuta, usiwe na wasiwasi", ondoka. Yakitokea maandishi kwamba simu inasimamiwa na kampuni, iache hata kama bei ni ya kutupa. Wenyewe wanaweza kuifunga wakiwa mbali. Simu za mkopo nazo ni hivyohivyo: aliyekopa akiacha kulipa, inajifunga mkononi mwako.

Kisha bonyeza *#06#. Namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, ilingane na ya boksi. Kwa Tanzania, itume kwa meseji kwenda 15090. Jibu likitaja modeli tofauti na uliyoshika, rudisha. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia Juni 2016, na za wizi zilizoripotiwa nazo hufungiwa.

Kwenye iPhone ingia Settings, General, About. Namba ya modeli ikianza na M, iliuzwa ikiwa mpya; F ni iliyokarabatiwa na kuuzwa hivyo rasmi; N ilitolewa kumbadilishia mteja. Ukiambiwa "rifabishi ya Apple" halafu unaona M, ujue ukarabati umefanywa kwingine. Kuanzia iPhone 11, kioo au betri isiyo halisi huandikwa hapohapo "Unknown Part". Afya ya betri (Battery Health, siyo chaji) ikiwa chini ya asilimia 80, betri imechoka. Asilimia 100 kwenye simu ya mwaka 2020 maana yake betri imebadilishwa, au namba imechezewa. Uliza ni ipi.

Samsung nyingi zina majaribio ya kioo ukibonyeza *#0*#: pitisha rangi moja moja uone madoa ya kioo, kisha chora kidole kila kona.

iPhone 14 na kuendelea zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini, ni eSIM tu, yaani laini iliyo ndani ya simu isiyo ya kuchomeka. Hakikisha mtandao wako unayo. Na simu iliyowahi kufunguliwa usiipeleke karibu na maji, hata kama tangazo linasema haiingii maji, maana gundi yake ya kiwandani imeshabanduliwa.

Waranti ya mdomo usiikubali. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na IMEI iandikwe juu yake pamoja na jina la duka. Polisi wakija kuulizia simu hiyo, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha uliinunua wapi.