Wikendi mjini na besti wako kwa hela ndogo, na mrudi bado mnaongea

Kabla hujaanza kutafuta tiketi muulize besti wako swali ambalo wengi tunalionea aibu: una hela kiasi gani ya kumaliza wikendi hii, yote, mpaka unafungua mlango wa kwako jumapili usiku? Usianze na "twende wapi", maana mkianza na wapi mtapenda mji kwanza afu ndo mje kugundua mmoja wenu hawezi, na huyo asiyeweza hatasema, atakopa. Marafiki wa karibu ndo wanaofichana hela kuliko watu wote, sijui kwanini, unajua siri zake zote za mapenzi lakini hujui ana kiasi gani kwenye akaunti.

Sisi tunafanya hivi, kila mtu anaandika namba yake afu tunahesabu moja mbili tatu tunatuma kwa pamoja. Hapo mwenye nazo hawezi kumtisha mwenzie kwa kutaja namba kubwa kwanza na mwenye kidogo hapati nafasi ya kujikakamua. Bajeti ya safari ni ile namba ndogo. Sio katikati ya zile mbili, ile ndogo. Mwenye nyingi akitaka kuongeza starehe zake atatoa mfukoni mwake, ila vitu mnavyofanya wote vinatoka kwenye ile ndogo.

Ukishapata namba igawe. Nauli na malazi visile zaidi ya nusu, vikizidi nusu basi mji huo kwa sasa ni wa watu wengine, tafuta mwingine. Nusu inayobaki ndo ya kula, kuzunguka na viingilio, na humo humo toa kama sehemu moja ya kumi uiweke pembeni usiiguse, hiyo ni ya kandambili iliyokatika, dawa ya kichwa na basi mliloachwa nalo.

Kuchagua mji: ijumaa jioni mpaka jumapili jioni ni kama masaa 48 na humo mtalala, kwahiyo mji ambao unakula masaa sita kwenda na sita kurudi umeshakula robo ya wikendi. Mi mwisho wangu ni masaa matatu manne, na nahesabu kutoka mlangoni kwangu mpaka mlango wa pale tunapolala, sio ule muda ulioandikwa kwenye tiketi. Watu wa ndege za bei chee ndo wanaumia hapa, tiketi inaonekana ya kutupwa kumbe begi linalipiwa peke yake, kiti mnachotaka kukaa pamoja kinalipiwa, na uwanja wenyewe uko nje ya mji mpaka upande basi lingine la saa nzima. Kwa usiku mbili begi moja la mgongoni linatosha kabisa, atakayesema halitoshi mwambie alibebe mwenyewe.

Kuna kitu kimoja kuhusu bei za hoteli watu hawakiangalii. Miji ya ofisi, ile inayojaa watu wa suti jumatatu mpaka alhamisi, wikendi vyumba vinabaki vitupu na bei mara nyingi inashuka. Miji ya starehe na ya ufukweni ni kinyume chake, ijumaa na jumamosi ndo wanakamua. Kwahiyo kama hamna shida na mji gani, nendeni mji wa kazi wikendi, mtalala pazuri kwa hela ya pabaya. Na kabla ya kulipa cheki kama wikendi hiyo kuna mechi kubwa, tamasha au mkutano, maana mji ule ule unaweza kuwa na bei ambayo hutaamini, ukisogeza wiki moja tu mbele inarudi kawaida.

Usafiri wa usiku je? Naukubali wakati wa kwenda tu. Unaokoa usiku mmoja wa malazi, mnafika alfajiri, mnaomba mapokezi wawawekee mabegi hata kama chumba bado (sehemu nyingi wanakubali) na siku inaanza. Kurudi usiku afu jumatatu asubuhi uko kazini, hapana, nilifanya mara moja nikalala kwenye kikao.

Sasa malazi. Tulipotoka mara ya kwanza mimi na besti wangu tulikuta chumba pembeni ya mji kwa nusu ya bei ya vile vya katikati, tukajiona wajanja sana. Kilichotokea ni kwamba mabasi ya kwenda kule yaliisha mapema, usiku tukawa tunachukua teksi, asubuhi nauli tena ya kuja mjini, na mchana huwezi kurudi kupumzika hata dakika kumi sababu ni mbali. Tulivyopiga hesabu jumapili kile chumba kilikuwa kimetugharimu zaidi ya kile cha katikati tulichokikataa. Ndo ile wanasema rahisi ghali. Siku hizi tukiona chumba tunachukua bei yake tunaongeza na nauli za siku mbili za watu wawili, zikiwemo za usiku, afu ndo tunalinganisha.

Nyumba za kupanga za siku mbili nazo angalia vizuri, ada ya usafi mara nyingi ni ile ile ukikaa siku mbili au kumi, kwahiyo kwa wikendi inakula sana, nenda mpaka ukurasa wa mwisho wa malipo uone jumla ndo useme ni rahisi. Baadhi ya miji ina kodi ya watalii mnayolipa kwa kila kichwa kwa kila usiku, Roma kwa mfano wanayo, na mara nyingi mnadaiwa pale pale mapokezi. Ulizeni pia kuhusu vitanda, "chumba cha watu wawili" kinaweza kuwa na kitanda kimoja, na hata kama ni besti wako toka utotoni usiku wa pili akikupiga teke la tatu utamchukia. Maoni ya wageni soma yale mabaya na ya karibuni, yale mazuri yote yanafanana.

Hapa ndo pa muhimu kuliko pote: kapu la pamoja. Siku ya kwanza kila mtu atoe kiasi sawa kiingie kwenye bahasha moja au akaunti moja, na mmoja wenu awe mweka hazina. Basi, chakula mnachokula wote, maji, viingilio, vyote vinatoka humo. Zawadi za nyumbani, nguo, bia ya anayekunywa wakati mwenzie hanywi, hizo kila mtu na mfuko wake. Kapu likikauka mnachangia tena sawa kwa sawa. Faida yake ni kwamba hakuna tena ile "lipa we nitakurudishia", ambayo mpaka jioni ya siku ya pili hakuna anayekumbuka nani alilipa nini, kila mtu moyoni anajiona ndo ametoa zaidi, na hakuna anayesema. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, kwahiyo mweka hazina aandike, hata kwenye noti za simu, mstari mmoja kila mnapolipa. Kama kuna deni dogo limebaki mlimalize mkiwa njiani kurudi, mkishafika nyumbani limeshakuwa zito kuliko lilivyo.

Mkifika mjini tafuteni kwanza vya bure, na sio vya bure kwa maana ya vibovu. British Museum pale London kuingia kawaida ni bure. New York kivuko cha Staten Island hakina nauli toka 1997, mnakaa juu ya maji kama dakika 25 na mnaiona Sanamu ya Uhuru bila kulipia meli ya watalii. Luxembourg toka 2020 mabasi, tramu na treni za ndani ya nchi ni bure labda utake daraja la kwanza. Italia makumbusho ya serikali yanafungua bure jumapili ya kwanza ya mwezi. Mji wenu nao unaweza kuwa na siku au saa yake, ni kuuliza tu kabla ya kuchagua wikendi na sio baada. Zile ziara za kutembea na mwenyeji zinazoitwa za bure hesabuni bakshishi, yule anayewaongoza ndo anaishi nayo.

Tiketi ya siku ya mabasi uliza kitu kimoja, inaisha masaa 24 toka ulivyoigonga au inakufa saa sita usiku? Tofauti ni kubwa kama mnaanza mchana. Kula, mlo mkubwa uwe mchana, migahawa mingi ina bei ya mchana ambayo jioni haipo, na sogeeni mitaa miwili mitatu kutoka kwenye kivutio. Kama ni nchi nyingine na mashine ya kadi inakuuliza ulipe kwa hela ya kwenu au ya pale, chagua ya pale, ile ya kwenu wanakubadilishia kwa kiwango chao na kawaida ni kibaya. Ramani ipakueni mkiwa na waifai ya nyumbani. Kadi zenu msizikalishe begi moja.

Ratiba acheni ipumue. Kila mtu achague kitu kimoja ambacho hataki kukikosa, hivyo viwili vinafanyika hata mvua inyeshe, vingine vyote ni bahati. Na jumamosi mchana achaneni masaa mawili, yani kweli kila mtu aende zake, mmoja alale mwingine azunguke maduka, kwa sharti mkubaliane mtakutana wapi saa ngapi hata kama simu zimezima. Mara ya kwanza nilipopendekeza hili besti wangu alinuna, akadhani nimemchoka, siku hizi yeye ndo anauliza "tunaachana saa ngapi?"

Jumapili mkabidhi chumba, mabegi yabaki mapokezi, afu kabla ya stendi mweka hazina amwage kapu mezani mhesabu. Likibaki kubwa gawaneni. Likibaki dogo sisi hatugawi, tunaliacha kwenye ile ile bahasha, na saa hizi iko kwenye droo kwake ina hela ya chai mbili na tiketi ya basi iliyochanika.