Somo: Kumzoesha mbwa roboti ya kufagia

Roboti ya kufagia ikiingia nyumbani, mbwa wengi hujibanza chini ya meza au huibwekea mpaka sauti ikauke. Hapo watu hufuata mojawapo ya njia mbili. Wengine huiacha mashine izunguke wakiamini mbwa atazoea mwenyewe. Wengine humfungia chumba cha pili kila inapofanya kazi. Kumfungia hakumdhuru, ila hakumfundishi lolote. Kumwacha apambane nayo ndiko kunakoniumiza zaidi, maana mnyama aliyebanwa na kitu anachokiogopa hajifunzi kuwa kitu hicho ni salama. Anajifunza kuwa hana pa kukimbilia.

Njia ninayoileta hapa ni ya polepole, na mbwa mwenyewe ndiye anayepanga mwendo. Inafaa pia kwa blenda, feni, kikausha nywele na vidude vingine vyenye kelele.

Tuanze na kinachomtisha. Sikio la mtu mwenye afya husikia mpaka mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na la mbwa hufika karibu 45,000. Kwa hiyo mota inayokuvumia wewe kidogo huenda inampigia yeye mlio mwembamba usioufahamu kabisa. Isitoshe, kitu chenyewe kinatembea bila miguu, hakina harufu ya kiumbe, na hugeuka ghafla. Mbwa husoma mwili wa mwenzake kabla hajasogea, na mashine hii haina mwili wa kusomeka.

Hatua ya 1: Iwe imezimwa

Zima kwanza ratiba kwenye programu ya simu, isije ikajiwasha usiku. Kituo cha kuchajia kiweke mbali na kitanda cha mbwa na bakuli lake, wala usikiweke kwenye njia anayopita kutoka chumbani. Kisha iache roboti imelala sakafuni na utawanye vipande vidogo vya chakula kuizunguka, vingine karibu, vingine mbali. Usimvute, usimsukume, usiishike mkononi ukimsogezea usoni. Akinusa na kuondoka, inatosha.

Hatua ya 2: Usome mwili wake

Hofu huanza kabla ya kubweka. Atapiga miayo ilhali hana usingizi, atajilamba pua, atalaza masikio nyuma, atahema na hakuna joto, ataonyesha weupe wa jicho akikitazama kitu huku kichwa kimegeukia kwingine. Mkia kutikisika si lazima iwe furaha. Mkia uliokakamaa ukitikisika haraka unaweza kuwa wa mnyama aliye kwenye wasiwasi mkubwa. Ishara ninayoiamini kuliko zote ni chakula: mbwa akikataa kipande anachokipenda siku zote, umeshamsogeza karibu mno. Rudi nyuma papo hapo, umbali uongezeke au sauti ipungue.

Hatua ya 3: Sauti itangulie, chakula kifuate

Hapa ndipo penye somo lote, na ndipo wengi wanapogeuza mpangilio bila kujua.

Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa huanza kudondokwa na mate kwa ishara inayotangulia chakula. Neno la kushika ni hilo, inayotangulia. Sauti ikianza na nyama ikafuata, sauti inakuwa mpiga mbiu wa nyama. Ukianza na nyama ndipo uwashe mashine, unamfundisha kinyume chake: akiona nyama mkononi mwako anajua balaa linakuja. Nimeona mbwa wanaokimbia chakula kwa sababu hiyo.

Fanya hivi. Mtu mmoja akae na roboti chumba kingine, mlango umefungwa. Wewe kaa na mbwa. Mwenzako aiwashe kwa sekunde chache. Mbwa akiisikia tu, mpe kipande, kingine, na kingine, mfululizo. Sauti ikikoma, chakula nacho kikome, mikono itulie. Pumzikeni kidogo, mrudie. Baada ya marudio kadhaa utaona jambo zuri sana: sauti inaanza, naye anakugeukia wewe badala ya kuutazama mlango. Ukiliona hilo, fungueni mlango nusu. Usipoliona, msiongeze kitu leo.

Vipande viwe vidogo kama ukucha, na vyakula vyote vya zawadi visizidi sehemu moja ya kumi ya mahitaji yake ya siku. Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, vitunguu na peremende zenye zailitoli (kitamu kinachotiwa badala ya sukari) ni sumu kwake.

Hatua ya 4: Mwendo

Sasa aione ikitembea, kutoka upande wa pili wa chumba. Mfunge kamba, lakini ilegee. Kamba iliyokazwa inamwambia hawezi kuondoka, na woga unapanda. Mashine ikisogea, mpe chakula. Ikigeuka kuja upande wenu, ondokeni pamoja kabla hajaamua kukimbia. Punguza umbali siku hata siku. Mbwa mmoja huchukua siku chache, mwingine wiki nyingi.

Hatua ya 5: Matumizi ya kawaida

Mwachie mahali ambapo mashine haifiki kamwe. Nyanyua nyaya na vichezeo. Na kama ni mtoto wa mbwa ambaye bado hajajua kujisaidia nje, usiiwashe kabla hujakagua sakafu kwa macho yako, kwani roboti ikipita juu ya kinyesi itakipaka nyumba nzima.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, wangu haogopi kabisa. Anaishambulia, anaing'ata na kuipindua. Nifurahi?*

Hapana ndugu yangu. Kushambulia mara nyingi ni hofu iliyochagua mbele badala ya nyuma, au ni silika ya kukimbiza kinachokimbia, hasa kwa mbwa wa kuchunga mifugo. Mtumie kamba, rudi hatua ya 3, na umfundishe kulala kwenye mkeka wake mashine ikipita. Usimruhusu aitafune hata kwa mchezo. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kushika moto, na kemikali zake huunguza kinywa.

*Shikamoo mwalimu. Anapotetemeka nikimbembeleza, je, simzidishii woga?*

Marahaba, mwanangu. Mbembeleze. Woga ni hisia, si tendo analolifanya ili apate malipo. Akikujia, mpokee kwa sauti ya chini na mkono mtulivu. Kisha mtoe penye kelele, kwa maana kumbembeleza huku mashine inaendelea kumzunguka hakusaidii.

*Akiingurumia nimkemee?*

Usimkemee kamwe kwa hilo. Kunguruma ni onyo, na ni onyo la heshima. Ukilizima kwa makaripio, hofu inabaki palepale ila onyo linatoweka, na siku moja atauma bila kuonya. Mwondoe taratibu, halafu ujiulize ulimsogeza karibu kiasi gani.

*Mbwa wangu ana miaka 11. Nimechelewa?*

Hujachelewa, dada. Ni kweli kwamba watoto wa mbwa huzoea mambo mapya kwa wepesi zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, lakini mlango haufungwi hapo. Ila nisikilize kwa makini: kama hakuwa na tabia ya kuogopa kelele na ameanza uzeeni, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya mazoezi yoyote. Maumivu ya viungo yanaweza kumfanya mnyama aogope sauti, kwa sababu kila akishtuka mwili unamuuma.

*Sina mtu wa kunisaidia kuwasha chumba cha pili.*

Rekodi sauti ya roboti kwenye simu, ianze chini sana, uipandishe kidogo kidogo. Spika ya simu haitoi milio yote ya juu, kwa hiyo mashine halisi itabaki ngeni kwake kwa kiasi fulani. Utakapofika kwenye mashine yenyewe, anzia mbali kama ndiyo mara ya kwanza.

*Nimenunua na kamera yenye spika nimsemeshe nikiwa kazini. Inamfaa?*

Ijaribu kwanza ukiwa nyumbani, ukimsemesha kutoka chumba kingine huku mtu mwingine anamtazama. Wapo wanaotulia. Wengine huanza kuzunguka wakikutafuta na kulia mlangoni, kwa sababu sauti yako ipo na harufu yako haipo. Wako akiwa wa namna hiyo, zima spika, itumie kamera kumwangalia tu.

*Nywele zinazonga brashi kila mara.*

Zima kabisa, chomoa brashi, zikate kwa mkasi kwa urefu kisha uzivute. Mchane mbwa nje kabla ya kuiwasha, zitapungua sana.